Siku Tisa Bagamoyo: Tathmini ya Huduma ya Kambi ya Waigizaji

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo watayarishaji wa filamu na tamthilia huikodi ili iwatunze waigizaji wanapofanya kazi nje ya mji. Kampuni hiyo huleta mahema, viti, feni na jenereta, hupika, hufua na kutunza maleba, yaani mavazi ya kuigizia, na huwasafirisha watu hadi kwenye eneo la kazi na kuwarudisha. Sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaandika ni malalamiko, na wenyewe nimekwisha kuwaeleza ana kwa ana. Nilihudumiwa nao kwa siku tisa, mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, tulipokuwa Bagamoyo tukirekodi tamthilia ya televisheni kuhusu misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, na baadaye nikawakodi mwenyewe kwa siku mbili. Zile siku tisa sikuzilipia mimi, ingawa sote tuliambiwa kwamba malipo yetu yamepunguzwa kwa sababu gharama za kambi zilikuwa kubwa. Kwa hiyo najihesabu kuwa mteja halali.

Nafasi yangu ilikuwa ya kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara, na aliyesoma maelezo ya wasafiri wa wakati ule anajua nafasi hiyo inamaanisha nini kwa mwili wa mwigizaji: joho jekundu linalofika miguuni, kilemba chenye manyoya, na ndani yake shuka la merikani. Fundi aliyelishona joho letu aliiheshimu historia kupita kiasi, akatumia kitambaa kizito ambacho hakipitishi hata pumzi. Januari na Februari ni miezi ya joto kali pwani. Kaskazi huvuma, lakini haipenyi nyuma ya kuta za mawe za mji mkongwe, na unyevu wa hewa hauliruhusu jasho likauke, hivyo linabaki likitiririka mgongoni. Kamera haina habari na hayo. Inachotaka ni kwamba mtu niliyekuwa saa tatu asubuhi, katika onyesho la msafara kuondoka, niwe yuleyule saa nane mchana tunapolirudia onyesho hilo kwa upande wa pili, mkono uleule ukiwa begani pa mtu yuleyule, na sauti isipungue.

Siku ya kwanza nilijifariji kwa kukumbuka wapagazi wenyewe, waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, wakiwa na mizigo ya ratili 60 au 70, karibu kilo 30, vichwani na mabegani. Siku ya pili niligundua kwamba faraja hiyo ina kasoro, maana mpagazi alijifunga kaniki kiunoni na mimi nilikuwa nimevishwa blanketi.

Nianze na mahema, kwa sababu ndipo kampuni hii ilipoonyesha kwamba inajua kupanga vitu lakini haijui mwigizaji anaishije kati ya onyesho na onyesho. Yalikuwa mawili, moja la waigizaji wenye maneno, ambao tulikuwa kumi na mmoja, na jingine la vijana wapatao thelathini waliocheza wapagazi. Yalikuwa safi, mapya, yenye sakafu ya mkeka. Yalikuwa pia ya nailoni, yasiyo na madirisha, yamesimamishwa juani kwa sababu mahali penye kivuli palikuwa pameshachukuliwa na magari ya vifaa. Ndani kulikuwa na feni nne zilizotumia jenereta, na jenereta lenyewe liliwekwa nyuma tu ya mahema kwa kuwa waya wao ulikuwa mfupi. Mtu wa sauti hawezi kurekodi maneno huku jenereta likinguruma jirani, hivyo kila mara alipotaka kimya lilizimwa, feni zikasimama, na wale waliokuwa wakisubiri zamu yao wakaanza kuiva. Kadiri kazi ilivyoendelea vizuri mbele ya kamera, ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya ndani ya mahema. Waya wa mita 50 au 60 ungemaliza jambo hili. Nilimwambia kijana wa jenereta siku ya pili, naye akanijibu kwa heshima kubwa, «Nimekusikia, mzee wangu,» na waya haukuja.

Jasho si adha tu kwa mwigizaji. Linaharibu kazi ya watu wengine. Ndevu zangu zilikuwa za kubandika, na gundi inayozishika haipatani na ngozi iliyolowa. Dada wa mekapu alizibandika upya mara saba kwa siku moja, na kila mara ilimlazimu kutazama picha alizopiga asubuhi ili ukingo wa ndevu ukae palepale, la sivyo mtazamaji angeona mtu ambaye ndevu zake zinahama uso kati ya sentensi na sentensi. Yeye hakunung'unika hata mara moja, nami nilijifunza kukaa mbele yake bila kuzungumza, kwa sababu kila neno nililolisema lilikuwa likiuvuta mdomo na kumrudisha nyuma. Huo ndio utaalamu ambao hakuna anayeupigia makofi: kunyamaza dakika kumi, uso juu, macho yamefumbwa, huku inzi akitembea shingoni.

Namna ya kulalamika nayo ina utaratibu wake. Aliyefundishwa kazi hii vizuri hamwendei mwongozaji katikati ya onyesho kumweleza habari za feni. Anamwendea mwongozaji msaidizi wakati taa zinahamishwa, anamwambia jambo moja kwa maneno machache, na anapendekeza dawa. Kijana mmoja kati yetu, mwenye kipaji kunishinda, alipaza sauti mbele ya watu wote siku ya tatu. Alichokisema kilikuwa kweli tupu. Hata hivyo, kuanzia hapo kila alipokosea maneno yake watu walitazamana, na sidhani kama alistahili malipo hayo kwa kusema kwamba ndani ya hema kuna joto.

Nimemtaja kwa sababu mimi niliyejiona mstaarabu ndiye niliyekuja kuisimamisha kazi siku ya tano. Tulikuwa kwenye njia ya mchanga upande wa Kaole, kilomita chache kusini ya mji, kati ya minazi. Onyesho lilikuwa refu na halikukatwa: msafara mzima unapita mbele ya kamera, mimi natangulia na kupuliza barghumu, wapagazi wanafuata na pembe zao, ambazo zilikuwa za sponji ngumu iliyopakwa rangi. Tulikuwa tukilirudia kwa mara ya sita, na kwa mara ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Nilipogeuka, kama mswada ulivyotaka, nilimwona kijana wa tatu nyuma yangu ameacha kutoka jasho. Wenzake waling'aa kama waliopakwa mafuta. Yeye ngozi yake ilikuwa kavu, midomo imepasuka, na alikuwa akitetemeka huku jua likiwa utosini. Macho yake yalinitazama bila kuniona.

Niliinua mkono nikasema, kwa sauti ya kirangozi, «Tueni mizigo!» Msafara wote ukatua. Mwongozaji alidhani nimebuni, akaiacha kamera iendelee, mpaka aliponiona navua joho langu na kumtandikia yule kijana chini ya mnazi. Alikasirika kwa dakika mbili hivi, kisha akaja kusaidia kumpepea. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kuvumilia nusu dakika iliyobaki, na kila mara jibu langu huwa lilelile: joho zito nililikubali nilipotia saini, na kwa hilo sina haki ya kumsumbua mtu, lakini hakuna mswada unaomtaka mtu azimie kweli. Mwigizaji anayeshindwa kutofautisha adha na hatari atajiumiza au atamwacha mwenzake aumie, na watu watamsifu kwa nidhamu mpaka siku hiyo.

Hapa ndipo huduma ya kampuni ilipopimwa, nayo ikaanguka. Hawakuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Hawakuwa na barafu wala pakiti za chumvi za kuongezea maji mwilini. Aliyeokoa jahazi ni mama wa mavazi, mwajiriwa wao lakini aliyefanya mambo kwa akili yake mwenyewe: alichukua lita moja ya maji safi, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akakoroga, akamnywesha kijana kidogo kidogo huku khanga iliyoloweshwa ikiwa shingoni na kwapani. Kisha akaagiza gari limpeleke hospitali ya wilaya, na hakuuliza ruhusa ya mtu. Jioni tulipata habari kwamba yu salama, na baada ya siku mbili alirudi akiomba pembe yake.

Nilipomtembelea aliniambia jambo lililonifanya niiandike tathmini hii. Hakuwa amekunywa maji tangu saa kumi na mbili asubuhi, na si kwamba maji hayakuwapo. Hakutaka kwenda chooni. Vyoo vya kuhamishika vilikuwa viwili kwa watu zaidi ya 60, ukihesabu na mafundi, na siku ile viliachwa mjini kwa sababu lori lilikwama kwenye mchanga. Wapagazi walikuwa wamefungwa kaniki kwa namna iliyomhitaji mtu wa mavazi kuifunga tena, na kijana aliona haya kumsumbua mama wa umri wa mama yake. Akaamua kutokunywa. Niliwauliza wenzangu wa kike, wakacheka kwa uchungu: wao walikuwa wakifanya hivyo tangu siku ya kwanza, hata mjini, kwa kuwa vyoo havikuwa na komeo wala ndoo yenye mfuniko. Mimi mwenyewe nilipokumbuka, nilikuwa nimepunguza maji bila kujua, kwa sababu kulivua joho lile na kulivaa kulinichukua robo saa.

Kampuni inaorodhesha vyoo, maji na mahema kama vitu vitatu vyenye bei tatu, na mtayarishaji anayebana matumizi hukata kimoja akidhani viwili vinabaki. Havibaki. Choo kibaya huwafanya watu wasinywe, wasiokunywa huanguka juani, na hapo gharama ya nusu siku iliyopotea inapita ile ya vyoo vinne vilivyokatwa kwenye bajeti. Hili nimelipima kwa macho yangu: siku ile tulirekodi maonyesho mawili kati ya matano yaliyopangwa.

Kuhusu maji yenyewe nina neno moja zaidi. Siku nne za kwanza yaliletwa kwenye pipa la buluu lisilo na alama yoyote, na vikombe vilikuwa vinane. Watu wa fani hii wanapenda kusimulia habari za Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani, aliyeugua tumbo vibaya mwaka 1951 alipokuwa Congo na Uganda akiigiza katika filamu ya The African Queen, hata inasemekana ndoo iliwekwa karibu naye, nje ya macho ya kamera, ili aweze kutapika kati ya kurekodi na kurekodi. Wenzetu huisimulia kama mfano wa ushupavu. Mimi huisikia kama habari ya maji machafu. Siku ya tano jioni, baada ya yaliyotokea, zililetwa chupa zilizofungwa, na lile pipa likawa la kunawia mikono.

Chakula sitakizungumzia sana. Kilikuwa kitamu na kilichelewa. Cha saa saba kilifika saa tisa na nusu siku ya kwanza, na siku ya tatu hakikufika kabisa mpaka mtayarishaji alipokwenda sokoni kumtafuta mama lishe, aliyetuletea chapati na maharage ambayo watu wanayakumbuka mpaka leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Nilipomtajia msimamizi wa kambi, alinijibu kwamba waigizaji si waajiriwa, wana mikataba ya kazi maalumu. Kisheria huenda hoja yake ina mahali pa kusimama, maana wengi wetu husainishwa mikataba ya namna hiyo, lakini sikumwuliza kama mwanasheria. Nilimwuliza kama mtu aliyekuwa na njaa. Nyongeza ndogo kwa wapishi: pilau yenye mafuta mengi saa tisa mchana humlaza mwigizaji. Siku ya sita walipoleta wali, samaki na maembe, ambayo msimu wake ndio huo, kazi ya jioni ilikwenda mbio.

Sasa niseme mazuri, na si machache. Kitengo cha mavazi cha kampuni hii hakina mfano katika kazi zote nilizofanya. Kila usiku maleba yalifuliwa, yakakaushwa na yakapangwa kwa jina la mhusika na namba ya onyesho, na madoa ya vumbi yaliyotakiwa kubaki kwa ajili ya mwendelezo yalibaki. Joho langu, ambalo haliwezi kufuliwa kila siku, mama wa mavazi alilipindua nje ndani, akalipulizia maji yaliyochanganywa na siki, akalianika kwenye upepo wa bahari, na asubuhi sikuona aibu kusimama karibu na mwenzangu. Siku ya nne, bila kuombwa, alishona ndani yake bitana ya kanga kuukuu kwenye mgongo na kwapa, ikawa jasho linanyonywa kabla ya kufika kwenye sufu. Nilimwambia, «Mama, umeniokoa.» Akanijibu, «Mwanangu, nguo ndiyo inayotangulia kuigiza, ikikuchukia utaonekana.»

Onyesho la baharini nalo lilihudumiwa kwa ustadi. Tulitakiwa kushuka kutoka jahazini na kutembea ndani ya maji mpaka ufukweni, na wiki ile ilikuwa ya bamvua, maji yanapokupwa mbali sana na kujaa kwa kasi. Msimamizi alikuwa amekwenda siku mbili kabla kuzungumza na wavuvi, akajua saa ambayo maji yangetufika kiunoni na saa ambayo yangetupita. Walitupangia viatu vya mpira vya rangi ya ngozi kwa ajili ya miamba na wanyama wa baharini wenye miiba, wakasimamisha turubai ufukweni, na tulipotoka kila mmoja alikuta khanga kavu yenye jina lake na kikombe cha chai ya tangawizi. Tulirudia mara nne, tukiwa tumelowa tangu asubuhi, na hakuna aliyekosa neno. Sijui kama watu wale wenyewe walitambua kwamba huo ulikuwa uigizaji wetu bora wa siku tisa, na kwamba ulitokana na khanga kavu.

Dereva wa basi pia anastahili kutajwa. Usiku wa siku ya saba tulimaliza saa tano na nusu, na ratiba ilisema tuondoke mara moja kurudi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi, kisha tukusanyike tena saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa macho tangu saa tisa usiku wa kuamkia siku hiyo. Alisema kwa upole, mbele ya mtayarishaji, kwamba haendeshi, na funguo akaziweka mezani. Tulilala kwenye nyumba ya wageni pale pale mjini, wanne kwa chumba, na siku iliyofuata kazi ilianza saa nne. Msimamizi wake alimtetea, jambo ambalo sikulitarajia, na lilinifanya niamini kwamba kampuni hii inaweza kuelezwa jambo ikasikia.

Ndiyo maana siku ya tisa niliwaandikia ukurasa mmoja, wenye mambo manne tu: waya wa jenereta, vyoo, maji na sanduku la huduma ya kwanza. Miezi michache baadaye nilipokuwa na fedha kidogo za kutengeneza mchezo wangu mfupi, waigizaji sita, nyumba moja ya kupanga Kigamboni, niliwapigia simu. Niliwaambia nitalipa kwa sharti kwamba hema lisimamishwe kivulini kabla ya gari lolote la vifaa kuegeshwa, na kwamba choo kiwe na komeo. Bei waliyonipa ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia kwa karibu thuluthi moja, nikailipa, kwa kupunguza siku moja ya taa. Walikuja na waya mrefu. Jenereta lilikaa nyuma ya ukuta wa jirani, ambaye alilipwa kwa usumbufu, na mtu wa sauti hakulizima hata mara moja. Kwenye mlango wa choo palibandikwa karatasi yenye jina la msichana anayekisafisha na saa aliyokisafisha mara ya mwisho. Maji yalikuwa ya chupa, na kila mwigizaji alikuwa na yake iliyoandikwa jina la mhusika, kitu ambacho mimi sikukiomba.

Kwa mavazi na usafiri ningewapa nyota tano bila kusita. Kwa kambi, tatu, zikipanda kuelekea nne iwapo mteja atasimama juu yao siku ya kwanza. Kwa chakula, mbili. Chai ya saa nne kule Kigamboni ililetwa saa tano kasoro dakika kumi. Mama wa mavazi alikuwa ameshachemsha yake kwenye jiko dogo la mkaa nyuma ya nyumba, na sote sita tulikuwa tumeshakunywa.